Kuacha filamu: namna ya kuingiza CTS kwenye karakana ya kuchapa fulana

Hakuna wiki inayopita bila fundi mmoja kuingia karakanani kwetu hapa Kirumba, Mwanza, akaiangalia mashine, akaizunguka hadi nyuma, kisha akauliza: "Kwa hiyo hii inachoma skrini yenyewe?"

Haichomi. Inachora tu. Badala ya kuchapa mchoro kwenye filamu au tresingi pepa halafu uubandike kwa selotepu, mashine inamwaga wino mweusi juu ya emulsheni iliyokwisha kukauka, ile dawa inayopakwa kwenye kitambaa cha skrini na kuganda ikipigwa na mwanga. Wino huo ndio unaoziba mwanga. Kuchoma kwa taa bado utachoma, na kuosha bado utaosha. Wenye kazi wanaiita CTS (computer-to-screen), yaani mchoro unatoka kwenye kompyuta na kutua kwenye skrini bila kupitia filamu.

Maswali yanayofuata huwa ni yale yale: skrini za mbao zinakubali? Umeme ukikatika inakuwaje? Nikinunua iliyotumika nitaibiwa? Nimeyaandikia majibu hapa kwa mpangilio, ili anayetaka kununua asome kwanza ndipo avunje kibubu. Sisi tulinunua mashine kabla hatujatengeneza chumba cha kukaushia, na tulilipia kosa hilo kwa miezi minne ya kurudia skrini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya mashine kufika

- Fremu za alumini za saizi moja au mbili tu, zilizonyooka, zenye kitambaa kilichokazwa vizuri. Ukiwa na kipima mkazo, usishuke chini ya nyutoni 20 kwa sentimita.
- Chumba kidogo cha kukaushia chenye mlango unaofunga, taa ya njano, feni, na mashine ya kuvuta unyevu.
- Kipima unyevu na joto. Kile kidogo cha betri kinatosha.
- UPS inayobeba mashine na kompyuta kwa pamoja, na stebilaiza mbele yake.
- Taa ya kuchomea inayoeleweka, na saa ya kuhesabu sekunde.
- Maji yenye presha, pamoja na chujio. Anayevuta maji ya ziwa moja kwa moja ndiye hasa anayehitaji chujio, maana ule ukijani huziba kila kitu.
- Programu ya RIP inayokubaliana na mashine. Nitaeleza mbele.
- Mtu mmoja, mmoja tu, atakayekabidhiwa mashine. Mashine ya kila mtu hufa mapema.

Hatua ya 1: Hesabu kazi yako kwa wiki mbili

Chukua daftari. Kila siku andika umechoma skrini ngapi, umerudia ngapi na kwa sababu gani, umetumia filamu ngapi, na umepoteza dakika ngapi kulenganisha rangi kwenye mashine ya kuchapia. Usikadirie kwa kichwa. Kichwa cha fundi hukumbuka siku ya kampeni na kusahau Jumatano isiyo na mteja.

Baada ya hapo tazama aina ya kazi. CTS inalipa pale ambapo kazi ni mpya kila siku na rangi ni nyingi: jezi za mabonanza, fulana za mahafali, matangazo, picha za vitone (rangi iliyogawanywa kuwa nukta ndogondogo). Kama kazi zako nyingi ni nembo ileile ya shule inayorudi kila Januari, filamu uliyoihifadhi kwenye bahasha ni nafuu kuliko mashine yoyote, kwa sababu CTS haina cha kuhifadhi. Skrini ukishaifuta, safari ijayo unachora upya kwa wino mpya.

Maoni yangu, na watu hukasirika nikiyasema: kama huchomi walau skrini 10 kwa siku, pesa hiyo nunua fremu nzuri na taa nzuri. Utaona tofauti kesho yake.

Hatua ya 2: Chagua aina

Aina ni tatu.

Ya kwanza inatumia wino wa maji, kwa teknolojia ile ile ya printa za kawaida za wino. Ndiyo yenye bei ya chini, na ndiyo ninayomshauri fundi wa huku. Adui zake ni unyevu na kukaa bila kazi.

Ya pili inatumia nta. Nta inayeyushwa ndani ya hedi, yaani kichwa cha kurushia wino, inarushwa ikiwa ya moto, ikigusa emulsheni inaganda papo hapo. Weusi wake ni mzito na kingo zinakatika vizuri, wala haichagui sana emulsheni. Lakini hedi inatakiwa ibaki na joto. Umeme ukienda, nta inaganda ndani, na ukirudi unasubiri ipate moto tena huku mteja anakutazama. Kwa umeme wa kucheza, sijaipenda.

Ya tatu haina wino kabisa. Inatumia leza au mwanga unaoongozwa na vioo vidogo sana, na inachoma emulsheni yenyewe sehemu kwa sehemu. Hii ndiyo yule fundi wa mlangoni alikuwa anaiwaza. Ipo kweli, ila ni ya viwanda vikubwa na bei yake inaendana nao.

Ukienda kununua iliyotumika, usikubali picha ya simu. Taka majaribio ya nozeli (vitundu vya hedi vinavyotoa wino) yachapwe mbele ya macho yako, au kwa video ya moja kwa moja huku wewe ndiye unayesema nini kichapwe. Kisha uliza kuhusu ufunguo wa USB wa programu ya RIP. Programu nyingi za aina hii haziwaki bila ufunguo huo, na wapo waliopokea mashine nzuri isiyoweza kuchora hata mstari kwa sababu ufunguo ulibaki kwenye droo ya mtu. Wino nao una tarehe ya mwisho wa matumizi. Isome kabla hujalipa, kwa kuwa vipuri na fundi wake mara nyingi vinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, na mzigo wa basi hauharakishwi na hasira zako.

Hatua ya 3: Safisha jeshi la fremu

Hapa ndipo tulipoumia sisi.

Hedi hupita juu ya skrini ikiacha nafasi ndogo mno, milimita chache. Fremu iliyojipinda inainua kona moja, na hedi haijui. Wiki ya pili baada ya kufunga mashine, dogo wetu aliweka fremu ya mbao iliyokuwa imelala karibu na karo msimu wote wa masika. Nilikuwa nje nazungumza na mteja. Nikasikia "kwaruu", kisha kimya, kisha dogo akaita "Bosi!" kwa ile sauti ambayo ukiisikia unajua tayari. Kona ilikuwa imekwangua uso wa hedi kutoka mwanzo hadi mwisho. Nozeli zilizobaki hai zilikuwa chini ya nusu. Hedi mpya ndiyo kitu cha bei kuliko vyote ndani ya mashine hiyo.

Tangu siku hiyo kila fremu inapimwa hivi: ilaze juu ya kioo kinene kilicho sawa, bonyeza kona moja moja kwa kidole. Ikicheza, ikigonga "tak tak" kama meza ya mgahawa, haipandi mashinani. Zile za mbao zilizonyooka tumezibakiza kwa kazi za filamu. Usizichanganye kwenye rafu moja. Sisi tumezipaka rangi nyekundu kwenye ubavu ili hata mgeni asikosee.

Ondoa pia selotepu kuukuu, gundi iliyovimba na nyuzi za kitambaa zinazosimama pembeni. Uzi mmoja ukiburuzwa na hedi unachora mstari mweusi hadi mwisho wa skrini.

Hatua ya 4: Osha, paka, kausha. Kausha tena.

Osha kitambaa kwa dawa ya kuondoa mafuta iliyotengenezwa kwa kazi ya skrini. Sabuni ya vyombo yenye manukato na vilainishi huacha utando usioonekana, na utando huo ndio utakaoona baadaye wino ukijikusanya matone matone.

Paka emulsheni kwa skupu (kile chombo cha kupakia) isiyo na makovu mdomoni: mkono mmoja upande wa fulana, mmoja au miwili upande wa skwiji, yaani upande wa ndani unakopita mpira wa kusukumia rangi. Lenga uso laini wa kulingana, maana sasa uso huo ndio karatasi yako. Ilaze ikauke upande wa fulana ukiwa chini.

Sasa kukausha. Watengenezaji wengi wa emulsheni wanataka unyevu wa chumba uwe karibu asilimia 40 au chini yake. Hapa ziwani, vuli na masika, kipima unyevu kitakuonyesha namba ambayo utadhani kimeharibika. Feni peke yake inazungusha tu hewa ileile yenye maji. Ndiyo maana nimeandika mashine ya kuvuta unyevu kwenye orodha ya juu, na ndiyo maana chumba kiwe kidogo: ukumbi mkubwa wenye madirisha hutaukausha hata ukeshe. Joto lisipite nyuzi 40.

Utajuaje imekauka? Kidole ni mwongo. Emulsheni huwa kavu juu na mbichi ndani. Sisi tunatumia mizani ya jikoni inayosoma gramu 1. Pima skrini baada ya kupaka, andika namba kwa penseli kwenye selotepu ya ubavuni, pima tena kila saa. Namba ikiacha kushuka mara mbili mfululizo, maji yameisha. Siku za kiangazi inaweza kuchukua saa chache. Siku za mvua bila mashine ya unyevu, usiku mzima hautoshi.

Halafu kuna wadudu. Anayeishi kandokando ya ziwa anayajua yale mawingu ya wadudu wadogo yanayoinuka majini na kufuata taa jioni. Skrini mbichi ni gundi kwao. Tulipaka skrini 12 usiku mmoja tukaacha wazi dirisha la choo kilicho jirani na chumba hicho, na asubuhi kila skrini ilikuwa na ndevu. Kila mdudu ukimng'oa anaacha tundu. Weka wavu wa mbu kwenye kila upenyo, ziba chini ya mlango kwa kitambaa, na upake mchana.

Hatua ya 5: Andaa chumba cha mashine na umeme

Mashine isikae chumba kimoja na mkaushio wa fulana wala na karo. Vumbi la pamba hupenda nozeli. Chumba hiki hakitakiwi kuwa kikavu kama kile cha skrini: unyevu kati ya asilimia 40 na 60 unafaa, kwa sababu hewa kavu mno inakausha wino ndani ya nozeli.

UPS si ya kukuwezesha kuendelea na kazi gizani. Ni ya kukupa muda wa kumaliza skrini iliyopo na kuirudisha hedi kwenye kifuniko chake. Hedi ikikaa wazi usiku kucha, asubuhi una kazi. Na tafadhali, angalia LUKU kabla ya kubonyeza chapa. Tumewahi kulaumu umeme wa mtaa mzima kumbe yuniti zimeisha.

Hatua ya 6: Faili na RIP

RIP ndiyo inayotenganisha rangi, kutengeneza vitone na kuiambia mashine imwage wino kiasi gani. Weka mambo manne na uyaandike ukutani:

a) Mchoro ugeuzwe kama kwenye kioo. Mashine inachora upande wa fulana, kwa hiyo maandishi yakisomeka sawasawa ukiangalia upande huo, umekosea. Yasomeke sawa ukiitazama skrini kutokea upande wa skwiji.

b) Kila rangi iwe na jina lake na iwe nyeusi asilimia 100 pale pasipo na vitone.

c) Kwa vitone anza na mistari 45 kwa inchi na pembe ya 22.5, kwenye kitambaa cha nyuzi 90 kwa sentimita au zaidi. Ukizoea, panda. Anayeanza na 65 kwenye kitambaa cha 43 anatafuta lawama.

d) Kiasi cha wino kiwe cha kutosha kuziba mwanga, kisizidi. Wino ukizidi unatambaa na vitone vinashikana.

Hatua ya 7: Chora

Kila asubuhi chapa majaribio ya nozeli kwenye karatasi. Mistari ikikatika, safisha hedi mara moja, mwisho mbili. Usisafishe mara kumi. Unamwaga wino wa pesa kwenye sifongo la taka.

Vaa glavu safi au shika fremu tu, usiguse emulsheni. Isukume fremu hadi iguse vizuizi vyote vitatu, na iguse kwa upande uleule utakaotumia kwenye mashine ya kuchapia. Hapa ndipo utaalamu wa rejista, yaani kuzikutanisha rangi, ulipo: kama mashine yako ya mikono 4 ina mikono inayocheza au haina vizuizi vinavyolingana na vya CTS, rangi hazitakutana hata skrini ziwe zimechorwa na malaika. Kaza bolti kwanza.

Hatua ya 8: Tafuta upya muda wa kuchoma

Muda wa zamani usahau. Zamani mwanga ulipita kwenye kioo na kwenye filamu, na vyote viwili vilikula sehemu yake. Sasa hakuna filamu, na kama taa yako inachoma kutokea juu, hata kioo hakuna. Mara nyingi muda unapungua.

Chora mstari uleule wa maandishi madogo na vitone mara tano kwenye skrini moja. Kama ulikuwa unachoma sekunde 60, funika kwa kadibodi na ufunue hatua kwa hatua upate 20, 30, 40, 50 na 60. Osha. Upande wa skwiji ukiteleza kama kambale, hapo mwanga haukutosha. Maandishi madogo yakikataa kufunguka, ulipitiliza. Chukua iliyo ngumu pande zote mbili na bado ina vitone vyote. Rudia kwa kila kitambaa na kila aina ya emulsheni. Ya diazo, ile unayochanganya mwenyewe na dawa yake, inahitaji muda mrefu kuliko ile iliyokuja tayari imechanganywa ndooni.

Wenye meza ya kioo inayochoma kutokea chini: subiri wino ukauke, telemsha skrini wima bila kuiburuza, wala usiwashe vakyumu, ile pampu ya kubana filamu kwenye skrini. Haina kazi tena, wino umeshaishikilia emulsheni yenyewe.

Hatua ya 9: Osha

Lowesha pande zote mbili, acha dakika moja, kisha fungua kwa presha ndogo kutoka upande wa fulana. Presha ya kuoshea magari iweke mbali. Maji ya kwanza yatakuwa meusi, ni wino tu. Usiyaelekeze mtaroni, mitaro ya katikati ya mji inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani tunakovua. Weka pipa la kutuamisha.

Hatua ya 10: Tembea na miguu yote miwili kwa mwezi mmoja

Usiuze printa ya filamu. Mwezi wa kwanza kazi za wateja wakubwa ziende kwa njia uliyoizoea, na CTS ifanye kazi ndogo. Na hata kama hakuna kazi, chora kitu kila siku, hata mraba wa sentimita chache. Mwenzetu wa Igoma alifunga karakana wiki mbili kwa ajili ya msiba, akarudi akakuta nozeli zimeganda.

Mambo yakienda kombo

Wino unajikusanya kama maji juu ya jani la muhogo. Uso una mafuta, au emulsheni hiyo haipokei wino wa maji. Rudi kwenye dawa ya kuoshea. Isiposaidia, jaribu emulsheni nyingine kabla ya kulaumu mashine.

Mistari myembamba inapita kwenye weusi. Nozeli. Safisha, acha ipumzike saa moja, jaribu tena.

Mchoro unafunguka nusu, sehemu nyingine imekataa. Inua skrini iliyochorwa kwenye taa ya njano kabla ya kuchoma. Ukiona mwanga ukipenya kwenye weusi, ongeza wino kwenye RIP. Weusi ukiwa mzito, punguza muda.

Stensili, yaani emulsheni iliyoganda, inang'oka vipande vipande wakati wa kuosha. Karibu kila mara ni unyevu. Fundi huongeza muda wa kuchoma, inang'oka tena, anaongeza tena. Emulsheni mbichi haigandi kwa mwanga wowote. Rudi kwenye mizani.

Vitundu vidogo vingi. Vumbi au wadudu. Ziba kwa emulsheni na brashi ndogo, choma tena kidogo, kisha kakague ule wavu wa dirishani.

Rangi ya nne tu ndiyo haikutani na wenzake. Pima mkazo wa fremu hiyo. Kitambaa kilicholegea kinavutwa na skwiji na kuhamisha mchoro. Kama mkazo ni sawa na zingine, badilisha skrini hiyo iende mkono mwingine wa mashine ya kuchapia: kosa likihama na skrini, kosa ni la skrini, likibaki kwenye mkono, chukua spana.